Umeipata kazi, sasa inakuboa: ufanye nini kabla hujatupa barua ya kuacha



Leo naleta mada ambayo ukiitaja kijiweni unaweza kupigwa mawe: kuchoshwa na kazi ya ofisini. Najua wapo kati yenu mnaosoma hapa huku dirisha la pili mmefungua CV, mnahesabu dakika za kafe zisiishe kabla hamjaituma. Kwenu ninyi mtu mwenye ajira ya kudumu, kiyoyozi na kitambulisho shingoni akianza kusema kazi inamboa, mnamwona hana adabu. Siwalaumu. Hata mimi nilisaga lami miaka miwili baada ya chuo, bahasha ya vyeti kwapani, na nilikuwa nawaza hivyo hivyo.

Basi bwana, nikapata. Kampuni kubwa tu hapa Dar, jina nalihifadhi. Mama alipika pilau, majirani wakaitwa, wajomba ambao hawakuwahi kuwa na namba yangu wakaipata. Mwaka wa kwanza nilikuwa nafika ofisini kabla ya mlinzi kumaliza chai. Mwaka wa tatu nilikuwa nakaa kwenye daladala naomba foleni isiishe.

Kazi yangu ilikuwa kuandaa orodha ya malipo ya vibarua na watu wa maghala. Majina, siku walizofanya kazi, saa za ziada, makato, jumla. Ukimaliza mwezi huu unaanza mwezi ujao. Hakuna kipya. Saa nane mchana macho yapo kwenye skrini lakini akili ipo Kigamboni.

Mwezi mmoja nikafanya ujinga. Nikachukua faili la mwezi uliopita, nikabadilisha tarehe, nikapitia harakaharaka na kulisukuma juu. Safu ya saa za ziada sikuisoma. Siku ya mshahara mzee mmoja wa stoo akaja mlangoni na kikaratasi chake. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akasema kwa upole kabisa: "Mwanangu, hebu niangalizie, huenda nimekosea mimi." Hakukosea. Saa zake 32 za ziada hazikuwepo. Kumbe mtoto wake alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na zile saa ndiyo zilikuwa ada yenyewe. Marekebisho yakapita kwa mhasibu, kwa meneja, yakarudi, yakachukua siku 11. Siku zote hizo mtoto alikuwa nyumbani kwa sababu mimi kazi ilikuwa inaniboa.

Tuweke mfano wa namba ili muone uzito wake. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara inataka saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Kama saa ya kawaida ni shilingi 2,000, ya ziada ni 3,000. Mara 32, hiyo ni 96,000. Kwangu ilikuwa safu moja kwenye Excel. Kwa mzee ilikuwa mtoto kukaa darasani au kukaa kibarazani.

Tangu siku ile nikaanza kusoma na kuuliza watu: hii hali inaitwaje, inatoka wapi, na mtu anafanyaje? Nimekusanya hapa yale niliyoyapata na yale niliyojaribu mwenyewe. Yasomeni, halafu mniambie.

KWANZA: UNAUMWA NINI HASA?

Watu wanasema "nimechoka na kazi" lakini wanamaanisha vitu vitatu tofauti, na dawa zake ni tofauti.

Cha kwanza ni kuishiwa nguvu kwa sababu ya kazi. Hiki ni cha mtu mwenye mzigo mkubwa na msukosuko usioisha. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikiweka kwenye toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, toleo lililoanza kutumika rasmi Januari 2022. Walikitaja kwa dalili tatu: kujisikia umeishiwa nguvu, kuichukia au kujitenga kiakili na kazi yako, na kuona hufanyi kitu cha maana hata ukijitahidi. Lakini wakaweka wazi kwamba chenyewe si ugonjwa, ni hali inayotokana na kazi.

Cha pili ndicho changu: kuboeka. Kazi ni chache, au zipo lakini hazina ladha, mpaka unaanza kuigiza kwamba uko bize. Unafungua faili bosi akipita, unatembea na karatasi mkononi ukienda mahali ambapo hakuna shughuli. Mwaka 2007 Waswisi wawili, Philippe Rothlin na Peter Werder, walitoa kitabu kizima kuhusu hali hii. Walieleza kitu ambacho nilikijua mwilini bila kujua jina lake: kuigiza kazi kunachosha kuliko kazi. Na msidhani ni utani wa wazungu. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya Paris, Ufaransa, ilikubali kwamba mfanyakazi aliyeachwa kwa muda mrefu bila kazi ya maana mpaka akaugua alikuwa amenyanyaswa kazini.

Cha tatu ni sonona. Hiki msikifanyie mchezo. Kipimo changu rahisi ni siku ya mapumziko. Kama Jumamosi unafurahia mpira, unacheka na washikaji, unakula vizuri, halafu Jumapili jioni ndiyo moyo unashuka, basi tatizo lipo zaidi kwenye kazi. Lakini kama hata Jumamosi hakuna ladha, usingizi umekata au unalala mno, chakula hakipiti, na hali hiyo imeendelea kwa wiki mbili au zaidi, nenda hospitali ukaongee na daktari. Ukianza kufikiria kujidhuru, usisubiri wiki mbili. Mwambie mtu leo hii, akupeleke. Makala yangu haiwezi kukutibu na kubadilisha kazi hakutakutibu.

KWA NINI KAZI INABOA?

Nilidhani ni uvivu wangu. Sehemu ni uvivu, sikatai, lakini si yote.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na watu waliokaa mbele ya skrini za rada wakitafuta alama ndogo. Walikuwa wanajua fika kwamba wakikosa alama watu wanakufa, na bado walikuwa wanazikosa. Mtafiti Norman Mackworth akatengeneza saa yenye mshale mmoja unaoruka hatua kwa hatua, na mara chache unaruka hatua mbili kwa mpigo. Kazi ya mtu ilikuwa kuona zile hatua mbili tu. Majibu aliyoyachapisha mwaka 1948 yalionesha kwamba umakini unaanza kushuka ndani ya nusu saa ya kwanza. Hao ni askari vitani! Sembuse mimi na orodha ya majina mia tatu baada ya wali maharage.

Halafu kuna habari ya Henry Ford. Mwaka 1913 alianza kuunda magari kwa mstari, kila mtu anafunga kitu kimoja siku nzima. Magari yakatoka kwa kasi ile mbaya, lakini watu wakawa wanaacha kazi ovyo. Kwa mwaka ule, idadi ya walioondoka na kubadilishwa ilizidi mara tatu ya nafasi zote za kiwandani. Januari 1914 Ford akatangaza malipo ya dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya yale ya mwanzo, na saa zikapungua kutoka 9 hadi 8. Watu wakajazana getini na waliomo wakatulia. Lakini kazi yenyewe ilibaki vilevile. Hela iliwafanya wakae, haikufanya nati ile ile iwe tamu.

Hapo ndipo anapoingia Frederick Herzberg. Mwaka 1959 yeye na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 huko Pittsburgh, Marekani. Waliwauliza lini walijisikia vizuri sana kazini na lini walijisikia vibaya sana. Majibu hayakuwa pande mbili za kitu kimoja. Vilivyowaudhi ni mshahara mdogo, sera za kampuni, bosi mkorofi, mazingira mabovu. Vilivyowafurahisha ni kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe, kupewa dhamana na kupanda. Kwa hiyo ukimwongeza mtu mshahara unaondoa hasira, ila hujampa hamu. Wapo wataalamu waliompinga Herzberg kwa jinsi alivyofanya utafiti wake, lakini mimi nikikumbuka nyongeza yangu ya mwaka wa pili, furaha ilidumu mpaka mshahara wa pili tu, basi.

Kwenye miaka ya 1970 wakaja Richard Hackman na Greg Oldham na orodha ya mambo matano yanayofanya kazi iwe na ladha. Chukua karatasi ujipime:

1. Unatumia ujuzi wa aina mbalimbali, au kitu kile kile?
2. Unaifanya kazi kutoka mwanzo hadi mwisho, au unashika kipande tu?
3. Unaona kazi yako inamgusa nani?
4. Una uhuru wa kuamua namna ya kuifanya?
5. Unapata majibu kwamba umefanya vizuri au vibaya?

Nilijipa alama. Namba moja sifuri, namba mbili nusu, namba tatu sifuri, namba nne sifuri, na namba tano nilikuwa naipata pale tu nilipokosea. Nikajionea mwenyewe kwamba tatizo halikuwa "kazi ya ofisini" kwa ujumla. Yalikuwa mambo manne au matano yanayotajika, na yanayotajika yanaweza kushughulikiwa.

NILICHOFANYA MIMI

Sikupata muujiza. Nilijaribu vitu, vingine vikakubali, vingine vikagoma.

Niliandika siku yangu. Kwa wiki mbili za kazi, kila nusu saa niliandika nafanya nini, kweli kweli, bila kujidanganya. Aibu niliyoiona! Karibu nusu ya siku ilikuwa simu, stori, chai na kuigiza. Halafu ndiyo nilikuwa nalalamika kwamba sina muda wa kusoma. Nakushauri uanze na hili kabla ya yote, maana huwezi kurekebisha siku usiyoijua.

Nilikata kazi ya macho vipande vipande. Kama askari wa rada anachoka ndani ya nusu saa, mimi nani? Nikaanza kukagua orodha kwa dakika 25 au 30, kisha nasimama, napeleka karatasi kwa mtu, nakunywa maji, narudi. Saa za ziada nikaziweka asubuhi, kichwa kikiwa kizima. Kazi za kubofyabofya nikaziweka saa nane.

Nilikwenda kuona watu wa kwenye orodha yangu. Hili ndilo lililonibadilisha kuliko yote. Mwaka 2001 Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika kuhusu wasafishaji wa hospitali moja Marekani. Kazi ilikuwa ile ile na ndoo zile zile, lakini baadhi walijiona wapiga deki tu, na wengine walijiona sehemu ya kumponya mgonjwa. Hao wa pili walikuwa wanaongea na wagonjwa, wanapanga usafi usimsumbue muuguzi, na waliifurahia kazi zaidi. Nikaomba ruhusa ya kwenda ghalani mara moja kwa mwezi kuchukua karatasi za saa mwenyewe badala ya kusubiri ziletwe. Nikaanza kuyajua majina. Ukishamjua mtu anayebeba magunia hadi saa tatu usiku, mstari wake hauupiti hivihivi.

Nilijifunza kitu kimoja kigumu. Nikachagua fomula za Excel ambazo nilikuwa nazikwepa tangu chuo. Kila siku nusu saa, kabla ya watu kuingia. Baada ya kama miezi miwili nilikuwa na jedwali linalopiga rangi nyekundu pale saa za ziada za mwezi huu zinapofanana kabisa na za mwezi uliopita, yaani lile lile kosa langu. Kulinganisha kulikokuwa kunachukua siku mbili kukaanza kuchukua nusu siku. Mshikaji wangu wa meza ya pili akanionya: "Usimwambie bosi, atakuongezea kazi." Nitarudi kwenye hilo.

Niliandika ushindi mdogo. Teresa Amabile na Steven Kramer walichambua shajara za wafanyakazi 238, maingizo karibu 12,000, na kwenye kitabu chao cha mwaka 2011 wakasema kinachoinua moyo wa mtu siku hadi siku kuliko vingine ni kuona amesogea mbele kwenye kazi yenye maana, hata hatua ndogo. Nikawa naandika mstari mmoja kabla ya kuzima kompyuta. "Leo nimegundua makato yaliyorudiwa ya watu wanne." Vitu vya kawaida kabisa, lakini ukisoma mistari 20 mwisho wa mwezi unaona hukukaa bure. Na siku ya kuandika upya CV, hiyo ni nondo tosha.

Kilichogoma: kusikiliza muziki muda wote, nikakosea zaidi. Kunywa kahawa ya nne, nikakosa usingizi. Na kulalamika na wenzangu kila mchana. Hicho kilikuwa kitamu sana, ila nilikuwa narudi mezani nimechoka zaidi ya nilivyoondoka.

Jambo moja la kuwapa moyo: kuboeka kwenyewe si adui mia kwa mia. Mwaka 2014 Sandi Mann na Rebekah Cadman wa Uingereza waliwapa watu kazi ya kunakili namba kutoka kitabu cha simu kwa dakika 15, halafu wakawaambia wafikirie matumizi ya vikombe vya plastiki. Walioboeka kwanza walikuja na mawazo mengi kuliko ambao hawakuboeka. Kwa hiyo akili ikichoka na kitu inaanza kutafuta kingine. Swali ni unaipa nini: ukiipa simu kila mara, hutapata hata wazo moja.

KUONGEA NA BOSI

Ukimwendea bosi ukasema "kazi inaniboa" umejichimbia kaburi. Atasikia "nataka kufukuzwa". Mimi nilikwenda na jedwali langu. Bosi wangu alikuwa mama mmoja wa makamo, mkali. Nikamwamkia, nikaomba dakika kumi, nikasema: "Mama, hii kazi ya siku mbili sasa naimaliza nusu siku, na makosa yamepungua, haya hapa ya miezi mitatu. Muda uliobaki naomba nijifunze upande wa bajeti ya maghala, hata kwa kumsaidia anayeshughulika nayo. Orodha yangu haitachelewa."

Akaangalia karatasi muda mrefu, akasema: "Nilikuona tangu mwaka jana umelala. Nilikuwa nasubiri uamke au uondoke."

Akanipa. Mshikaji alikuwa amesema kweli, niliongezewa kazi, na mshahara haukuguswa mwaka ule. Lakini ilikuwa kazi yenye mwanzo na mwisho.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: nenda na kitu ulichokwisha kufanya, omba jambo moja tu, na eleza kazi ya sasa haitaumia vipi. Akikataa, muulize lini unaweza kuuliza tena, uandike tarehe. Akikataa mara tatu bila sababu, hapo umepata jibu kuhusu ofisi, siyo kuhusu wewe.

LIKIZO SI HISANI

Wapo watu wanajisifu hawajaenda likizo miaka minne. Hiyo si sifa, hapo unajimaliza. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa angalau siku 28 mfululizo za likizo yenye malipo kila mwaka, na sikukuu zinazoangukia humo zinahesabiwa ndani yake. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku, ya zaidi ya hapo ni ya ziada, na ya ziada isizidi saa 50 kwa kila wiki nne. Mameneja wana utaratibu wao kwenye saa. Zanzibar ina sheria yake ya ajira. Wadau wa Kenya, sheria yenu ya ajira ya mwaka 2007 inatoa siku 21 za kazi.

Na ukienda likizo, nenda kweli. Mimi ya kwanza niliimaliza nikijibu simu za ofisini. Ya pili nilikwenda kijijini kwa bibi, mtandao unashika juu ya kichuguu tu. Nilirudi mtu mwingine.

KABLA HUJATUPA BARUA

Kuacha kazi siyo dhambi. Wakati mwingine ndiyo jibu lenyewe. Lakini usiache Ijumaa saa kumi ukiwa na hasira. Fanya hesabu hizi kwanza:

- Notisi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria ya Bara inataka notisi ya maandishi isiyopungua siku 28. Ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira ni siku 7. Soma na mkataba wako, unaweza kutaka zaidi.
- Kiinua mgongo cha kisheria, yaani mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, mwisho miaka 10, kinamhusu aliyeachishwa na mwajiri. Ukiacha mwenyewe usikihesabu, labda mkataba wako uwe unasema vingine.
- NSSF. Michango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya 10. Hakikisha yote imepelekwa kabla hujaondoka, ukishatoka ni kazi kuifuatilia. Na lile fao la kukosa ajira lililokuja na mabadiliko ya mwaka 2018 limewekwa kwa ajili ya aliyepoteza kazi, siyo aliyetupa barua mwenyewe.
- Cheti cha utumishi. Ni haki yako ajira ikiisha. Kidai.
- Akiba. Piga jumla ya kodi ya nyumba, chakula, nauli na unachotuma nyumbani. Zidisha mara sita. Kama huna hiyo hela, tafuta kazi nyingine ukiwa bado kazini. Mfano matumizi yako ni laki nne kwa mwezi, unahitaji milioni mbili na laki nne. Mimi siku niliyotaka kutupa barua nilikuwa na elfu themanini. Hiyo hesabu ndiyo iliyonirudisha kwenye kiti, na leo naishukuru.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya wazungu havisemi. Mshahara wetu si wa mtu mmoja. Upo wa mdogo wako aliyeko kidato cha tatu, upo wa dawa za presha za mama. Kabla ya kuacha, kaa na watu wa nyumbani uwaambie ukweli. Mimi niliogopa kumwambia mama kwamba kazi aliyoipikia pilau inanimaliza. Nilipomwambia hakulia wala hakukasirika. Aliniuliza tu: "Mwanangu, unalala?" Nikajua hakuwa anaipenda ile kazi kunizidi mimi.

KWA WEWE UNAYETAFUTA

Kazi ya kwanza chukua, usichague sana, njaa haina mjadala. Lakini ukiitwa kwenye usaili na wakakuuliza kama una swali, usiseme "sina". Uliza: kazi hii siku ya kawaida inakuwaje kuanzia asubuhi? Aliyekuwa nayo amekwenda wapi? Nitajuaje kwamba nimefanya vizuri? Majibu yake yatakuambia mengi kuhusu yale mambo matano. Na ukishaingia, usisubiri mwaka wa tatu kama mimi. Jipime kila miezi sita.

NILIPO SASA

Bado nipo kampuni ile ile, kitengo kingine. Bado kuna siku inaboa, tena sana, mwisho wa mwezi hasa. Yule mzee wa stoo alishastaafu. Baada ya mwezi ule hakurudi tena mlangoni kwangu na kikaratasi, na mimi kwa upande wangu sikuwahi tena kuituma orodha juu bila kuisoma safu ya saa za ziada kutoka jina la kwanza hadi la mwisho. Aliyeishika baada yangu nimemwonesha lile jedwali, nikamsimulia na habari ya ada, ili siku akiboeka akumbuke.

Wadau, hayo ndiyo yangu. Ninyi mliomo maofisini mnafanyaje saa nane mchana? Na mlioacha, mlijuta au mlipona? Na mnaotafuta, kama mnaona naringa semeni tu, nimejiandaa. Ukumbi ni wenu, mwageni maoni hapo chini.

Naomba kuwakilisha.